Mwili Kama Mkosaji: Afya na Michezo katika Shule Zetu za Sekondari

Kila mwaka, katika wiki za mwanzo za muhula, huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walifundishwa nini kuhusu miili yao walipokuwa sekondari. Simaanishi mchoro wa moyo wenye mishale na majina, kwani huo wote wanaukumbuka. Nauliza kama yupo aliyewaonyesha namna ya kupasha misuli moto kabla ya kukimbia, namna ya kumhudumia mwenzao aliyezimia, au namna ya kuutunza usingizi wakati wa mitihani. Ukumbi hunyamaza. Kisha nauliza swali la pili: nani aliyewahi kurushwa kichurachura? Hapo wote hucheka, na mikono huinuka kila upande.

Majibu hayo mawili yananieleza hali halisi ya elimu ya afya na michezo nchini kwetu kuliko waraka wowote niliousoma. Shule zetu huutambua mwili wa mwanafunzi pale unapokosea. Ukichelewa paredi, unazungushwa uwanja. Ukipiga kelele darasani, unapigishwa magoti. Ukipata mimba, kwa miaka mingi, ulifukuzwa. Nje ya makosa, mwili huo hauna mwalimu.

Tuanze na adhabu, kwa kuwa ndilo somo la viungo ambalo kila mtoto wa Kitanzania amelihudhuria. Katika shule niliyosoma mimi, uwanja wa mpira tuliujua zaidi kwa kuuzunguka kwa amri ya mwalimu wa zamu kuliko kwa kuuchezea. Pushapu, kichurachura, kufyeka nyasi juani, kubeba mawe: kila tendo ambalo lingeweza kumjenga kijana lilifika kwetu likiwa limevaa sura ya fedheha. Sishangai basi ninapowaona wasomi wengi wakiyakimbia mazoezi mara tu wanapotoka shuleni. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kumi na mmoja, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kwamba kukimbia ni malipo ya kosa, ataona kuwa uhuru ni kukaa.

Haikuwa hivyo kabisa tangu mwanzo. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe mahali ambapo kichwa na mikono havitengani. Waliosoma katika miaka ya 1970 na 1980 wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo zikiimbwa kwa hatua za miguu, na halaiki zilizopamba sherehe za kitaifa. Katika zama hizo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Hadi leo hizo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki.

Hata hivyo, tusiupambe wakati uliopita kupita kiasi. Mchakamchaka ulikuwa pia chombo cha utii. Mtoto alikimbia kwa sababu kengele imelia na fimbo iko nyuma yake, wala hakuna aliyemweleza kinachotokea katika mapafu yake anapopanda mlima. Tulirithi amri, hatukurithi maarifa. Amri ilipolegea, hakikubaki kitu cha kushika nafasi yake, ila adhabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha mashindano ya michezo shuleni kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Baadaye yalirejeshwa, na leo UMITASHUMTA na UMISSETA hufanyika kwa shangwe. Nayafurahia. Lakini mashindano si elimu ya viungo. UMISSETA huwachukua wenye vipaji na kuwaacha wengine wakipiga makofi pembeni ya uwanja. Mwanafunzi mwenye pumu, mwenye ulemavu wa mguu, mnene anayeogopa kuchekwa, au msichana aliyeambiwa kwamba mpira utamharibu, hao wote ndio wanaoihitaji elimu hii kuliko mkimbiaji aliyekwisha kuchaguliwa. Vivyo hivyo, mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa michezo hadhi ya fani ya amali, ambayo kijana anaweza kuisomea ili ajipatie riziki. Ni hatua njema. Lakini fani ni ya wachache waliojaliwa, na mwili ni wa kila mmoja.

Serikali ya awamu ya tano ilituachia msamiati wenye manufaa: wafanyakazi hewa. Mwaka 2016 walisakwa watu waliokuwa wakilipwa mishahara ilhali hawapo kazini. Nadhani umefika wakati wa kuvisaka vipindi hewa. Ukiitazama ratiba iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu wa taaluma, utaona muda wa michezo umeandikwa, kwa kawaida mchana. Ukienda uwanjani muda huo, mara nyingi utakuta mbuzi. Kidato cha nne wako darasani wakirudia hesabu, kidato cha pili wanajiandaa na upimaji, na wadogo wao wanamwagilia bustani ya mkuu wa shule.

Simlaumu mwalimu. Yeye hupimwa kwa daraja la kwanza na la pili ambalo shule imepata, na hakuna anayemuuliza wanafunzi wake wanalala saa ngapi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na nililipongeza kwa hilo. Hata hivyo mbio zile zinaendelea katika vikao vya kata na halmashauri, ambako mkuu wa shule huitwa kujieleza kwa nini shule yake imeshuka. Hajawahi kuitwa kueleza kwa nini uwanja wake umeota magugu.

Wapo wanaosema dawa ni kulifanya somo hili litahiniwe kwa lazima. Siafiki. Elimu ya viungo tayari hutahiniwa kama somo la kuchagua, na shule zinazolisajili ni chache. Tukiligeuza kuwa mtihani wa wote, najua litakuwaje: mwanafunzi atakariri vipimo vya uwanja wa mpira wa wavu bila kuugusa mpira wenyewe, na kijitabu cha maswali na majibu kitauzwa stendi.

Upande wa afya nao una kasoro yake, na hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Katika muhtasari wa Biolojia uliotokana na mtaala wa mwaka 2005, ambao umefundishwa kwa miaka mingi, mada ya uzazi iliwekwa kidato cha tatu. Msichana anayevunja ungo akiwa darasa la sita au la saba husubiri takribani miaka mitatu ndipo shule imweleze kilichompata. Akifika huko, anaelezwa kwa Kiingereza. Nimekutana na vijana wanaoweza kuchora mfumo wa uzazi na kuandika kila jina kwa herufi sahihi, lakini ukiwaomba wamweleze mdogo wao kwa Kiswahili hedhi hutokeaje na siku za kushika mimba huhesabiwaje, wanashikwa na kigugumizi. Maarifa yamekaa katika lugha ya mtihani, na maisha yanaendeshwa kwa lugha nyingine.

Wazee wetu, kwa jando na unyago, walikuwa na mtaala wa mwili. Ulikuwa na mapungufu makubwa, na sehemu yake ilimwandaa binti kwa ndoa kabla hajamaliza utoto. Lakini kungwi na somo walisema. Walikuwa na maneno, na walikuwa na muda. Shule ilipomchukua mtoto katika umri uleule, iliuchukua muda wa kungwi bila kuichukua kazi yake. Pengo hilo limejazwa na simu, na anayefundisha humo hakuchaguliwa na mzazi wala na serikali.

Sasa tazama dola ilivyojibu. Kanuni za mwaka 2002 ziliiruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa makosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Katika shule nyingi wasichana walipimwa mimba kwa lazima. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Mlango ule ulifunguliwa Novemba 2021, kwa waraka ulioruhusu walioacha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurejea katika mfumo rasmi. Katika historia yote hiyo tunaona kipimo, kifungo, katazo na hatimaye msamaha. Somo halionekani. Tuliwaadhibu watoto kwa kutojua jambo ambalo tulikataa kuwafundisha.

Hata taulo za kike zilipita njia hiyo. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo hizo, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Mjadala ulihusu wafanyabiashara na mapato. Sikumbuki Bunge likitumia muda uleule kuuliza ni shule ngapi zina maji katika vyoo vya wasichana, ingawa msichana asiye na maji hana namna ya kubaki shuleni siku hizo, achilia mbali kucheza netiboli.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watauliza gharama. Ni swali la haki, na jibu lake lina pande mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba duniani asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 walio shuleni hawakifikii kiwango hicho: asilimia 85 ya wasichana na asilimia 78 ya wavulana. Mwishoni mwa mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Maofisa wengi walinunua raba. Kisukari na shinikizo la damu tunavipiga vita kwa watu wenye miaka hamsini, ilhali tulikuwa nao mikononi walipokuwa na miaka kumi na mitano. Gharama hatuikwepi, tunaiahirisha tu, na wodi ni ghali kuliko uwanja.

Upande wa pili ni kwamba mengi ya lazima hayahitaji fedha nyingi. Wizara inaweza kupiga marufuku, kwa waraka mmoja, matumizi ya mazoezi ya viungo kama adhabu. Mada za balehe na uzazi zinaweza kuwekwa kabla mtoto hajavunja ungo au kubalehe, na zifundishwe kwa Kiswahili hata pale masomo mengine yanapofundishwa kwa Kiingereza. Wathibiti ubora wa shule wanaweza kuacha kukagua ratiba, wakawahoji wanafunzi faraghani: juma lililopita mlitoka nje mara ngapi? Halmashauri zinaweza kupima na kusajili viwanja vya shule kabla havijamegwa vipande kwa ajili ya maduka, kama ilivyotokea katika miji mingi.

Yatakayohitaji fedha ni walimu na maji. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja hubeba mzigo wa watatu. Lakini tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha elimu ya viungo. Wahitimu wapo, na wengine wao hupangiwa kufundisha masomo mengine kabisa. Ajira zinapotangazwa, nafasi za fani hii zionekane kwenye orodha, na anayeajiriwa kwa kazi hiyo aachwe aifanye.

Wanaharakati nao nina neno nao. Tumepigania haki ya msichana kurudi shuleni, na tumeshinda kwa kiasi. Haki hiyo itabaki nusu kama anarudi katika shule ileile isiyosema naye. Na wavulana tumewasahau: wao huambiwa miaka 30 jela, wala hawaambiwi kitu kingine chochote kuhusu miili yao na heshima ya miili ya wenzao.

Ninyi wanafunzi wangu, hasa mnaosomea ualimu, mtapelekwa mafunzo kwa vitendo hivi karibuni. Mtakabidhiwa ratiba yenye kipindi cha michezo mchana, na mwalimu mwenyeji atawaambia, kwa nia njema, kwamba muda huo hutumika kwa marudio. Mwombeni awape kipindi hicho kama kilivyoandikwa. Hakuna atakayewapa alama kwa ajili hiyo. Toeni darasa zima nje, si wenye vipaji tu, na mwambieni kila mtoto kwa nini moyo wake unadunda.