Tai ya Jiwe Kutoka Santa Fe

Akina mama wenzetu, tulipofika Santa Fe, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, tulitaka kuwanunulia waume zetu zawadi. Kwenye baraza ya Jumba la Magavana, lililojengwa miaka ya 1600, wenyeji wa asili hutandaza kazi zao juu ya nguo. Anayeuza hapo ni fundi mwenyewe au mtu wa jamaa yake.

Tulivutiwa na tai ziitwazo bolo. Ni kamba ya ngozi iliyosukwa, yenye ncha za fedha. Hubanwa shingoni kwa kipande cha fedha chenye jiwe la feruzi lililong'arishwa. Arizona iliitangaza kuwa tai rasmi ya jimbo mwaka 1971, New Mexico mwaka 2007.

Bei ilitushtua. Tukaanza kupatana kama tulivyozoea sokoni. Mama mmoja wa kabila la Zuni akatueleza kwamba mumewe hufua fedha, na yeye husugua mawe. Kisha akakohoa sana. Sisi wauguzi tukamwuliza habari za vumbi. Akasema zamani aliyasugua makavu, jikoni, watoto wakiwa karibu. Siku hizi husugua kwa maji.

Tulijua kwamba kovu la vumbi la mawe mapafuni halina dawa ya kuliondoa. Tukamlipa alichotaja.

Kwetu pia wapo akina mama wanaoponda kokoto, watoto mgongoni. Tukiwapita, tuwashauri wayaloweshe mawe na wawaweke watoto mbali na vumbi.