Rais Anaitwa Kaniko, Wewe Unaona Aibu ya Nini?

Wasee, mnajua rais wa Romania anaitwaje? Nicușor Dan. Soma "Nikushor". Alichaguliwa Mei 2025, na kabla ya hapo alikuwa meya wa Bucharest. Sasa sikia hii: Nicușor maana yake ni Niko mdogo. Kwetu tungesema Kaniko.

Nilipatana na hii kitu nikitafuta maana ya jina langu, juu mimi ni Nicholas. Mwanzo wake ni Kigiriki, maneno mawili: nike, yaani ushindi, na laos, yaani watu. Waromania husema Nicolae. Wakilikata linakuwa Nicu. Wakitaka kuongeza mapenzi wanabandika -șor mwishoni, linakuwa Nicușor. Hicho kipande hufanya kitu kiwe kidogo na kipendwe. Pui ni kifaranga. Puișor ni kale kafaranga unataka kukabeba mkononi. Sisi tunaweka ka- mbele, wao wanaweka yao nyuma.

Na usidhani ni jina la utani. Ndilo jina lake rasmi, Nicușor-Daniel. Huyo Niko mdogo alishinda dhahabu kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati 1987 na 1988, mara zote mbili akipata alama zote. Akaenda Ufaransa akasomea udaktari wa hisabati. Na kura za urais alipigiwa na jina hilo hilo.

Sasa mimi. Cucu ameniita Kaniko tangu nizaliwe. Nikiwa kidato cha pili alikuja siku ya wazazi, akaniona kwa mbali, akaita kwa sauti yote: "Kaniko!" Maboyz walinicheka muhula mzima. Shule ilipofungwa nikamwambia, "Cucu, mimi si mtoto. Niite Nicholas."

Hakubishana. Tangu siku hiyo ni Nicholas. "Nicholas, chai iko tayari." "Nicholas, umefika salama?" Ananiongelesha vile huongelesha mgeni aliyetumwa na kanisa.

Nilidhani nimepata heshima, kumbe nimejifungia nje. Jina la cheti kila mtu atakuita nalo, hata yule wa kudai deni kwa simu. Jina la nyumbani linajulikana na watu wachache sana, na hao wachache wanazeeka. Wakienda, hakuna ofisi utaenda kuomba nakala.

Nina futi sita na ndevu, lakini hiyo ka- haikuwahi kuwa ya kupima urefu.

Jumapili naenda ushago. Nitabisha mlango, cucu atauliza ni nani kama kawaida yake. Safari hii nitajibu, "Ni Kaniko."

Na wewe, nyumbani wanakuitaje? Andika hapo chini. Leo hakuna kuchekana.