Port Louis, mji uliochaguliwa na kusi

Mwalimu wangu wa Kilwa,

Niko Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, na kila nipitapo nakukumbuka, maana huu ni mji ambao ungeufundisha kipindi kizima bila kufungua kitabu. Wewe ulikuwa ukituambia tuanze na ramani, wafalme wangoje. Basi nami naanza na ramani.

Mauritius ni kisiwa cha volkano, mashariki ya Madagaska, kama kilomita 2,000 kutoka pwani ya bara letu. Port Louis uko upande wa kaskazini-magharibi. Ukisimama gatini, mbele yako bahari, nyuma yako milima ya Moka imesimama kama ukuta. Mmoja unaitwa Le Pouce, una mita 812. Mwingine, mrefu zaidi kidogo, ni Pieter Both, na juu kabisa ya ncha yake limekaa jiwe kubwa la mviringo ambalo kila mgeni lazima aulize litaanguka lini. Jina la mlima huo ni la gavana mkuu wa kwanza wa Waholanzi huko Mashariki ya Mbali, aliyezama na merikebu yake karibu na kisiwa hiki mwaka 1615.

Sasa sikiliza habari ya upepo, kwa kuwa hapo ndipo penye siri ya mji wote. Huku kusi huvuma karibu mwaka mzima, ikitokea kusini-mashariki. Waholanzi walipofika mwaka 1598 na kukipa kisiwa jina la kiongozi wao Maurits, makazi yao makubwa yalikuwa Grand Port, upande wa joshi, uso kwa uso na upepo. Kuingia kule kwa tanga ni rahisi, upepo unakusukuma. Kutoka ndiyo shughuli. Port Louis ni kinyume chake: uko upande wa demani, milima inaukinga, na chombo kikishang'oa nanga kinatoka na upepo mgongoni. Nahodha yeyote wa kwetu angeielewa hesabu hiyo hata kama hajawahi kuuona mji. Waholanzi walikata tamaa wakaondoka mwaka 1710, Wafaransa wakakitwaa kisiwa mwaka 1715 na kukiita Isle de France, na mwaka 1735 akaja gavana Mahé de La Bourdonnais, mtu wa bahari kutoka Saint-Malo. Yeye ndiye aliyeamua kwamba makao makuu yawe hapa. Sanamu yake ipo Place d'Armes, imeelekezwa bandarini, na nyuma yake kuna safu mbili za miti mirefu ya jamii ya mnazi hadi kwenye Nyumba ya Serikali.

Lakini ukuta huohuo wa milima unadai gharama yake. Jua likipanda, mji unafukuta. Kati ya 1866 na 1868 malaria iliingia ikaua watu maelfu kwa maelfu, na waliokuwa na uwezo wakahamia nyanda za juu, Curepipe na jirani zake, kwenye baridi na ukungu, zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Wengi hawakurudi. Mpaka leo asubuhi watu wanamiminika mjini kutoka huko juu, na jioni wanaondoka, siku hizi wengi kwa treni mpya ya umeme. Saa mbili usiku mitaa ya maofisi imenyamaza kabisa. Na mvua ikinyesha kwa nguvu, maji yote ya milimani yanateremkia hapahapa. Tarehe 30 Machi 2013 ilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa muda wa saa chache tu. Watu 11 walikufa, baadhi yao ndani ya njia za chini ya barabara karibu na bandari. Nimezipita njia hizo kwa miguu. Ni fupi, hatua chache tu unatokea upande wa pili, na inaniuma kufikiri kwamba mtu alizama humo mchana, katikati ya mji.

Mwalimu, nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ulipotuvusha kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani ulituonyesha Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ukatusomesha habari za dhahabu ya Sofala na za Ibn Battuta. Kuna ukurasa mwingine wa Kisiwani, na mwisho wake uko huku. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani Hasan wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, na juu yake zawadi ya piastre mbili kwa kichwa ziende kwa Sultani mwenyewe. Wengine wasinunue mpaka Morice awe amepata watumwa wake. Mkataba uliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kifaransa, na ulikusudiwa kudumu miaka 100. Soko la watu hao lilikuwa visiwa hivi, Isle de France na jirani yake Bourbon, ambacho leo ni Réunion.

Wengine wengi walitokea Msumbiji na Madagaska. Wao ndio waliochonga mawe meusi ya volkano unayoyaona katika majengo mengi ya zamani hapa, wakabeba chokaa, wakajenga magati. Mafundi huru waliletwa kutoka India pia, ila uzito mkubwa ulikuwa mabegani mwa watumwa. Hospitali ya kijeshi aliyoijenga La Bourdonnais karibu na bandari bado ipo, na tangu mwaka 2023 ni Makumbusho ya Utumwa. Kuta zake ni nene, jiwe juu ya jiwe. Nilipitisha kiganja kwenye moja la mawe hayo nikaona alama za patasi, mistari midogo iliyopangana, kila mmoja pigo moja la mkono wa mtu. Nilikaa hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini.

Kuna habari nyingine inayowahusu majirani zako kabisa. Mwaka 1846 Mfaransa aitwaye Eugène de Froberville alizunguka hapa akiwahoji watu walioletwa kutoka Afrika Mashariki, mamia yao, akaandika walikotoka, lugha zao na njia walizopitishwa. Kati yao walikuwemo Wamakua na Wayao. Baadhi yao aliwapaka plasta usoni akatoa sura zao, na sura hizo zimehifadhiwa Blois, Ufaransa. Fikiria, Mwalimu: kuna nyuso za watu wa kusini mwetu, za ukubwa wao halisi, macho yamefumbwa, na watoto wa Lindi na Mtwara hawajawahi kusikia habari zake. Mimi naliona hilo ni deni, na si deni la Wafaransa peke yao.

Waingereza waliingia mwaka 1810. Mwezi Agosti walipigwa vibaya na Wafaransa katika mapigano ya majini ya Grand Port, kisha mwishoni mwa Novemba wakashukia kaskazini, Cap Malheureux, wakaja kwa miguu mpaka Port Louis, na siku chache baadaye mji ukasalimu amri. Waliwaachia wakazi lugha, dini na sheria zao. Ndiyo maana leo bungeni ni Kiingereza zaidi, magazeti ni Kifaransa zaidi, na sokoni na majumbani ni Kikrioli. Mwaka 1835 utumwa ukafutwa na watu wapatao 66,000 wakawa huru. Serikali ilihofu mabwana wa mashamba wangeasi, kwa hiyo ikajenga ngome juu ya kilima katikati ya mji, Fort Adelaide. Wenyewe huiita Citadelle. Panda alasiri: utaona bandari yote na, upande wa milimani, uwanja wa farasi wa Champ de Mars, ulioanza mbio mwaka 1812. Kwenye uwanja huohuo ndipo bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 12 Machi 1968.

Mashamba ya miwa hayakungoja watumwa waachiwe huru. Tarehe 2 Novemba 1834 merikebu Atlas ilishusha vibarua 36 kutoka India, waliofungwa kwa mikataba, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamekuja karibu nusu milioni. Kambi yao ya kupokelewa, Aapravasi Ghat, iko ukingoni mwa bandari na imo katika Urithi wa Dunia tangu 2006. Imebaki sehemu ndogo tu, nyingine ilibomolewa kupisha barabara kuu. Zipo ngazi fupi za mawe walizopanda wakitoka mashuani, na ukiziangalia utaona ni ngazi za kawaida kabisa. Mwenzangu wa hapa, ambaye mababu zake walizipanda, alivua kofia kabla ya kusogea, bila kusema neno.

Nisikuchoshe na huzuni tupu. Soko Kuu lina raha yake. Kuna wauza dawa za majani ambao ukiwatajia ugonjwa wanakuchagulia kifurushi, kuna mapapai, kuna mananasi madogo yaliyomenywa na kuchovywa pilipili na ukwaju. Nje wanauza dholl puri: chapati laini nyembamba, ndani yake unga wa dengu za njano zilizochemshwa. Muuzaji anaweka mbili, anapaka mchuzi wa maharage, rojo la nyanya na achari ya pilipili, anakunja katika karatasi, yote kwa kasi ya kupepesa jicho. Unakula umesimama. Unashushia na alouda, ambayo mtu wa Mombasa ataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa faluda, maziwa baridi na mbegu za mrehani.

Hatua chache kutoka hapo ni Msikiti wa Jummah, uliojengwa katika miaka ya 1850 na wafanyabiashara wa Kutch, watu wa pwani ileile ya Gujarat iliyotuletea maduka ya Unguja na Mombasa. Katika ua wake kuna mkungu mkubwa wa zamani, watu wanatawadha kivulini mwake. Niliswali Adhuhuri hapo nikajisikia niko nyumbani. Mtaa wa Wachina ni jirani tu.

Watalii wengi huishia Caudan, kwenye maduka ya ufukweni, na kwenye makumbusho yenye stempu mbili maarufu za mwaka 1847. Ni kitu kizuri kukiona, hata kama taa huwashwa kwa dakika chache tu ili rangi isififie. Lakini usisikie anayekwambia hiyo ndiyo Port Louis. Mtaani Roche Bois na Cassis wanaishi watu wa visiwa vya Chagos, walioondolewa kwao kati ya 1968 na 1973 ili Diego Garcia iwe kambi ya kijeshi ya Marekani. Walishushwa kwenye bandari hii hii na kuachwa wajitafutie. Ukikutana na mzee wa Kichagosi, mpe salamu na muda wako.

Nina ombi moja, Mwalimu. Mkataba wa Morice umechapishwa, unasomeka, ni maneno machache. Tafadhali uingize katika masomo yako ya historia ya Kilwa, na jina la Sultani litajwe pamoja na la Mfaransa. Nami naanza kutafuta picha za zile sura za Blois, nikizipata nitakutumia uwaonyeshe wanafunzi.

Nisalimie Mama na jirani zetu wote.

Mwanafunzi wako