Jimu Isiyo na Kiti

Kioo ndicho nilichonunua kwanza. Futi sita kwa tatu, shilingi 4,500, kutoka kwa fundi wa vioo karibu na steji ya Roysambu. Nilikipandisha mwenyewe hadi orofa ya nne, nimekikumbatia kama bibi harusi. Wakati huo sikuwa na dambeli hata moja. Lakini kila jimu ya nyumbani niliyokuwa nimeona kwa simu ilikuwa na kioo, basi nikaanzia hapo.

Bedsita yangu ni futi 10 kwa 12. Ukitoa kitanda, meza ya jikoni na mtungi wa maji, kinachobaki ni kama mita mbili kwa moja na nusu, nafasi ya mtu mmoja kulala chali na kunyoosha mikono. Hapo ndipo nilipojenga jimu. Chini niliweka vile vipande vya mpira mweusi vinavyoshikana meno kwa meno. Nyuma ya kioo, taa ya ukanda ya rangi ya zambarau. Mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta, kwa hivyo kioo nilikiegemeza tu. Dambeli mbili za kilo kumi kumi nilizitoa Gikomba, nikazipaka rangi nyeusi zifanane na sakafu. Benchi nilitengenezewa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, chuma halisi, ngozi bandia juu. Ili benchi ipate mahali, niliuza kiti changu cha pekee. Nikajiambia, nani hukalia kiti siku hizi? Mimi nilikaa kitandani, wageni wakakaa kwa benchi.

Picha zilipata laiki kibao. Tizi yenyewe ni stori nyingine. Wiki ya kwanza nilipiga tizi siku nne, ya pili siku mbili. Kufikia mwezi wa pili benchi ilikuwa ya kuanikia jinzi, na dambeli moja kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Kisha shangazi akanipigia. "Mama yako alianguka bafuni. Alikuambia?"

Hakuwa ameniambia. Tulikuwa tumeongea mara tatu tangu aanguke, na kila mara aliniambia yuko sawa tu.

Alikuja na basi la usiku, kifundo cha mkono kikiwa ndani ya plasta. Kwa ngazi alipumzika kila orofa, akijifanya anatazama nguo za majirani. Tulipoingia ndani alisimama katikati ya mpira mweusi, akageuka pande zote, mkoba bado begani.

"Watu hukalia nini hapa?"

Nikamwonyesha benchi. Akaketi. Benchi ile ni ya chini, haina mgongo wala mahali pa kushika. Alipotaka kuinuka hakuweza. Akajaribu tena, akacheka, nami nikacheka. Nikainama, akanishika shingo kwa ule mkono mzima, na uzito wake wote ukaniangukia. Hapo hakuna aliyecheka. Mama yangu aliyekuwa akilima tangu alfajiri hadi saa sita alikuwa ameshindwa na benchi yangu.

Hospitalini daktari wa viungo, msichana wa karibu umri wangu, alimketisha kwa kiti cha kawaida. Akamwambia asimame na kuketi bila kutumia mikono, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Mama alisimama mara nne. Mara ya tano alifika katikati, miguu ikatetemeka, akarudi chini. Alitazama pembeni, kama mtoto aliyekosea hesabu ubaoni.

Daktari alitueleza polepole. Ukiteleza, misuli ya mapaja ndiyo inayokudaka kabla hujafika chini. Umri ukienda nayo hupungua, na isipotumika hupungua kwa kasi zaidi. Tena Mama ana ugonjwa wa sukari, na misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu. Mazoezi yake yalikuwa hayo hayo: kusimama na kuketi, raundi tatu kila siku, kwa kiti imara kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani.

"Kiti mko nacho nyumbani, sindiyo?"

"Tuko nacho," nikasema.

Jioni hiyo nilienda kwa fundi wa mbao kando ya barabara nikiwa na uzi. Nilikuwa nimepima nao kutoka kisigino cha Mama hadi nyuma ya goti lake. Nikamwambia, kiti kiwe urefu huu, kisiwe laini, kisitikisike. Shilingi 1,200. Sijawahi kununua kifaa cha jimu cha bei hiyo chenye kazi kubwa hivyo.

Kiti kikabadilisha kila kitu. Vipande vya mpira nilivitoa, kwa sababu kingo zilikuwa zinamkwaza miguu. Taa ya zambarau nayo ikatoka, nikaweka balbu nyeupe, kwa sababu Mama huamka usiku kwenda chooni na hiyo zambarau haimwonyeshi kitu. Benchi niliwapelekea vijana wa ploti wanaobeba chuma juu ya paa, wale wenye paipu na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Sijaikuta imeanikwa nguo tena.

Kioo alikifunika kwa leso usiku wa kwanza. "Siwezi lala nikiangaliwa." Leso ilikaa hapo wiki nzima. Kisha akakumbuka daktari alisema magoti yasiingie ndani akisimama. Akaifunua mwenyewe, akakivuta kiti mbele ya kioo, mgongo wake ukaegemea kitanda changu, nacho kitanda kimeegemea ukuta.

Mimi nilikuwa nasimama kando nikihesabu, mpaka siku ya tatu akachoka nami.

"Wewe kijana, usinisimamie kama askari. Keti hapo kitandani, tusimame pamoja."

Tukasimama pamoja. Kufikia raundi ya tatu mapaja yangu yalikuwa yanawaka moto. Mama akaniangalia kwa kioo.

"Nimebeba maji kutoka mtoni miaka thelathini," akasema, "na hakuna mtu alinipiga picha."

Plasta ilipotoka tuliongeza chupa mbili za maji, za lita moja moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo haihitaji Gikomba. Kutoka nne alifika saba, akakwama hapo siku nyingi na kununa, kisha tisa, kisha kumi na moja. Wiki ya nane akasema mahindi yake hayajui kwamba yeye ni mgonjwa. Alishuka zile ngazi bila kutazama nguo za mtu. Kiti kikaenda naye kwenye buti ya basi, na mimi nikarudi kwa fundi kuagiza kingine cha saizi yangu.

Sasa hunipigia kila Jumapili, ananitajia namba yake nami namtajia yangu. Wiki iliyopita alisema kumi na tatu. Nilitaka kufurahi, lakini huyu ni mtu yule yule aliyeniambia yuko sawa tu.

"Mama, piga video nione."

Akalalamika kuhusu bando, kisha akaiegemeza simu dirishani. Niliona ukuta, nikaona kiti, na magoti yake mawili yakiwa yamenyooka mbele. "Haya," akasema, "hesabu."

Nikaanza kuhesabu.