Karatasi Nilizofungia Njugu

Mimi ni muuza duka. Duka langu liko kando ya barabara katika kaunti mojawapo ya Pwani ya Kenya, mahali wanapokusanyika vijana wa boda boda na abiria wanaosubiri matatu ya Mombasa. Sina cheo serikalini na sijawahi kugombea kiti. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kwa miaka mingi habari zilizokuwa zikienda kwa majirani zangu ziliishia mikononi mwangu, na siku nilipojulikana nilitendewa wema nisioustahili.

Ugatuzi ulipoanza, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, nilishangilia na wenzangu. Tuliambiwa serikali sasa inaletwa mlangoni. Kwangu ilifika mlangoni kweli. Msimamizi wa wadi aliona watu hawakosi dukani kwangu, akaniomba niwe nikipokea matangazo ya kaunti: moja nibandike ukutani, mengine niwape wateja. Nilikubali upesi. Niliwaza kwamba ukimkatalia mtu wa ofisi leo, kesho atakuja kukagua leseni. Hapo utaona nilivyoielewa serikali.

Matangazo yakawa yanakuja. Fomu za basari zimetoka, mwisho tarehe fulani. Ng'ombe watachanjwa. Politekniki ya kijiji inapokea wanafunzi wa ushonaji na umeme. Wananchi waje watoe maoni juu ya bajeti. Ya mwanzo niliyabandika. Halafu wateja walikuwa wengi, gundi ilikwisha, na yaliyofuata nikayasukuma chini ya kaunta.

Agosti 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima. Asiyeuza duka hawezi kujua shida tuliyopata wiki zile. Sukari ya kupima, chumvi, njugu, vyote tulizoea kuvifungia katika vile vifuko vyepesi. Ikabidi turudi kwenye karatasi. Magazeti makuukuu yakapanda bei, na watoto wakaanza kutuletea madaftari yao kabla muhula haujaisha. Chini ya kaunta yangu mlikuwa na rundo la karatasi nyeupe, safi, upande mmoja mtupu, tena za bure. Nikaanza kufungia njugu.

Nilijiambia hakuna azisomaye. Na huku nikifunga, mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote pale kibarazani. Mwalimu akikosekana shule ya msingi, nilisema gavana amekula. Polisi wakichelewa, gavana. Shimo kwenye barabara kuu, gavana. Sikujua kwamba hayo matatu ni ya serikali ya kitaifa, na kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeorodhesha ya kaunti waziwazi: zahanati, chekechea, masoko, maji, taa za mitaani, leseni za biashara, mifugo na kilimo cha mashinani. Zahanati yetu ilipoishiwa dawa nilimlaumu mbunge. Nilikuwa nikimlaumu mtu asiyehusika na kumwachia anayehusika alale usingizi.

Mwaka mmoja ada ya leseni ya biashara ikapanda. Nilisimama kibarazani nikasema kwa sauti, "Hawa wanatupandishia bila kutuuliza!" Vijana wakaitikia. Alikuwepo bibi mmoja jirani, tunamwita hawe kama tunavyowaita bibi zetu huku kwetu. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye ngumbaru. Nilizoea kumcheka kwa kuwa hakosi mkutano. Nilisema anafuata soda.

Hawe alinyamaza. Alingoja mpaka kibaraza kikawa kitupu, akasogea kaunta.

"Mwanangu, tuliulizwa."

"Lini, hawe?"

Akafungua pindo la leso, akatoa karatasi iliyokunjamana, ina madoa ya mafuta ya njugu. "Hii ulinifungia wewe. Nilipomaliza kula nikaisoma."

Lilikuwa tangazo la kuwaita wananchi wautolee maoni Mswada wa Fedha wa Kaunti, ule unaopanga ada zote. Alikuwa ameenda. Walikuwa wachache ukumbini, na hapakuwa na mwenye duka hata mmoja kutoka kwetu. Nikamwambia karatasi ile huenda ilinifikia siku imekwisha kupita. Nilidanganya, naye alijua, kwa kuwa yeye aliipata mapema akaenda. Hakubishana nami. Akatoa karatasi nyingine, akasema nimsomee, macho yake yamechoka.

Ilikuwa ya basari. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Binti yangu wakati huo alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, jambo ambalo mtaa wote ulilijua ingawa mimi nilidhani nimelificha. Hawe alikuwa ameshafika ofisi ya wadi akachukua fomu mbili. "Moja ya mjukuu wangu," akasema. "Hii ya mwanao. Jaza."

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilijaza kwenye kaunta ileile, juu ya zile karatasi. Binti yangu alipata. Pesa hazikumaliza karo yote, ila zilimrudisha darasani, na salio nikalitafuta. Kilichoninyima usingizi ni baba mmoja wa mtaa wa chini. Mwanawe alikuwa nyumbani kama wangu, na mwaka uliotangulia nilimpimia sukari katika tangazo kama lile. Nayakumbuka maandishi kwa sababu niliyageuzia nje ili yasichafue sukari kwa wino. Mtoto yule hakurudi shule.

Hawe hakumwambia mtu. Nilingoja siku nyingi nisikie nikisemwa, sikusikia. Mwanzoni nilianza kubandika matangazo kwa hofu kwamba atatoboa siri yangu. Hofu ilipotulia, mazoea yakabaki, na ndani ya mazoea hayo Mungu akanipa moyo kidogo kidogo.

Kubandika peke yake hakukusaidia sana. Lugha ya matangazo mengi ni Kiingereza cha ofisini, na hata ya Kiswahili yana makadirio, mapato ya ndani, mkakati wa fedha. Nilimwomba mwalimu wa chekechea anieleweshe jioni. Kutoka kwake nilijifunza kwamba bajeti ya kaunti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mkakati wa fedha huja kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Ni kama kuagiza mali soko la Kongowea: ukipiga simu lori limeshapakiwa, utaletewa walichochagua wengine. Sisi tulikuwa tukipiga simu Julai kila mwaka. Mwalimu huyo ndiye aliyenisimulia pia ya kaunti ya Makueni, ambako mazungumzo huanzia kijijini kabla ya kupanda hadi wadi na kaunti. Nilimwonea mtu wa Makueni wivu, kisha nikakumbuka kwamba tangazo la huko pia sharti libandikwe na mtu.

Nikaanza kuyasoma kwa sauti kibarazani, jioni, kabla ya mpira kuanza. Watu waliniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Wengine waliacha kununua kwangu, wakisema nimekuwa mtu wa kaunti. Kipindi cha siasa alikuja wakala wa mwanasiasa mmoja, akataka nisome miradi ya bosi wake peke yake, naye angenisaidia kodi ya duka. Kodi nilikuwa nadaiwa. Nilimwomba muda nifikirie. Sitasema nilimshinda kwa msimamo; kilichoniokoa ni kwamba hakurudi.

Mara nyingine nilikosea kwa pupa. Nilipata ujumbe wa WhatsApp kwamba mifugo itachanjwa bure siku fulani, nikautangaza bila kumwuliza afisa wa mifugo. Wazee walileta mbuzi kutoka mbali, wakakaa juani mpaka adhuhuri. Hapakuja mtu. Niliomba radhi kwa kila mmoja, na mzee mmoja hakunijibu salamu kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sitangazi neno ambalo sijalihakikisha kwa simu.

Funzo hilo lilinifaa 2025, ulipozuka mzozo wa kitaifa kuhusu kama kaunti zina mamlaka ya kutoa basari za sekondari, kwa kuwa kikatiba elimu hiyo ni ya serikali ya kitaifa. Wazazi walinijia kila siku. Ningeweza kubuni jibu wakaniheshimu. Nilisema sijui, nikauliza, nikawarudishia nilichoambiwa, hata pale nilipoambiwa wangoje.

Kama na wewe uko mahali watu wanapopita, kinyozini, kisimani, msikitini au kanisani, pengine kuna karatasi umeisukuma kando. Sikuhukumu. Nakuambia tu kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti ieneze habari kwa njia zinazowafikia watu wengi, redio za jamii na mikutano ya hadhara zikiwemo, na hakuna sheria itakayoifikisha habari hiyo hatua ya mwisho ikiwa aliyeipokea ameikalia. Na habari isipoletwa unaweza kuiomba. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hilo tumelijaribu. Wadi ya kina mama katika zahanati yetu ilikuwa imesimama kwenye lenta, na kila mtu alikuwa na hadithi yake kuhusu nani amekula. Tuliandika barua, mwalimu akatusahihishia, tukauliza kiasi gani kilitengwa na kiasi gani kimelipwa. Jibu lilikuja. Nililisoma kibarazani, na fundi mmoja akakaa kupiga hesabu ya saruji na nondo nyuma ya bahasha. Yeye asema kilichojengwa hakifiki kilicholipwa. Fundi mwenzake asema kinafika, ukihesabu usafiri wa mchanga. Hawajapatana mpaka leo. Tumekubaliana tuipeleke barua hiyo kwenye kikao cha maoni ya bajeti, na wenye maduka safari hii watakuwepo. Nimepewa kuuliza swali la kwanza. Hawe amesema la pili ni lake, na hataki kuniambia ni lipi.