Motokari Iliyotoka katika Vyuma Vikuukuu

Kwa nini mtu aliye na fedha za motokari mpya anatafuta ile iliyokula kutu, akaishughulikia miaka mingi? Wengi hujibu: kiburi cha matajiri. Mimi sina motokari, lakini jibu hilo halinitoshi. Sikieni habari ya moja.

Huko Molsheim, katika Ufaransa, Ettore Bugatti alitaka kuwauzia wafalme motokari kubwa kupita nyingine. Akaiita Royale. Injini yake ilikuwa na silinda 8 na ujazo wa lita zaidi ya 12. Lakini mwaka 1929 fedha ziliadimika duniani. Zikatengenezwa chache tu, na wanunuzi wakawa 3. Mmoja wao ni mganga wa Ujerumani, Josef Fuchs. Alipohama kwao alikwenda nayo Shanghai, kisha New York. Huko maji yaliganda kwa baridi ndani ya injini, chuma kikapasuka. Basi, motokari ya kifalme ikatupwa penye vyuma vikuukuu.

Mwaka 1943 Charles Chayne, injinia wa kiwanda cha Buick, aliinunua kwa dola 400 hivi. Vita vilipokwisha akaitengeneza, ikatembea tena. Baadaye akaitoa zawadi. Leo inatazamwa na watu wote katika makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Marekani.

Je, hiki ni kiburi? Sivyo. Anayefungua kazi ya fundi wa zamani anasoma mawazo yake, kipande kwa kipande. Nami naijua furaha hiyo kidogo. Ninaposugua kutu ya baiskeli ya marehemu baba, naona jinsi alivyofunga kila nati, na ni kama ananifundisha tena.

Lakini tuangalie jambo moja. Chayne aliweka kabureta 4 palipokuwa na 1, akaipaka rangi nyeupe isiyokuwa yake ya kwanza. Mwenye kutengeneza anaweza kubadili hata kazi ya mwenzake isionekane tena. Kwa hiyo aseme kweli: hiki ni cha zamani, hiki nimekiongeza mimi.

Tena, mwaka 2018 Ferrari 250 GTO moja iliuzwa kwa dola zaidi ya milioni 48. Anayeinunua ili aifungie gizani, akingoja bei ipande, amenunua bei tu. Motokari ilifanywa itembee.