Baba Aliyekuwa Qatar

Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Ilieleza kwamba mjukuu wangu ni mtoto mwenye adabu, kwamba karo yake hulipwa na mama yake aliye Uingereza, na kwamba mama huyo hupiga simu kila muhula kuulizia maendeleo yake. Kisha, katika mstari wa mwisho, ikasema kwamba baba yake anafanya kazi Qatar.

Mwalimu hakukosea. Alinakili yaliyomo katika daftari la shule, na aliyeyatia humo ni mimi.

Naandika kutoka Meru, nilikoolewa miaka 35 iliyopita nikitoka Mji wa Kale, Mombasa. Waislamu wa hapa si wengi, na sisi wa Mjini na Majengo twajuana kwa vizazi. Binti yangu alikwenda kusomea uuguzi Embu, na huko ndiko alikopata mimba bila ya ndoa. Mtoto alizaliwa mwaka wa 2017. Baada ya siku arubaini akaja mama mmoja wa Kimbeere, mzazi wa yule kijana, amebeba kibuyu cha uji, akaomba kumwona mjukuu wake. Nilimpokea barazani. Kibuyu nilikichukua, naye sikumkaribisha ndani. Juma lile lile nikawaambia majirani kwamba mume wa binti yangu amepata kazi Qatar.

Katika cheti cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba pakaachwa patupu. Kwa miaka mingi kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kilizuia jina la baba asiyeoa lisiandikwe, isipokuwa wazazi wote wawili waombe pamoja. Lakini mwezi wa Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mjukuu wangu alizaliwa baada ya hukumu ile. Sheria haikumzuilia jina. Nilimzuilia mimi, nikamwambia binti yangu kwamba jina lile halitaandikwa nami ningali hai.

Mwaka wa 2022 akaenda Leicester kufanya kazi ya uuguzi, na mwaka juzi akaanza kumwombea mtoto viza amfuate. Hapo ndipo tulipojifunza ambalo wengi hulijua wakishachelewa. Kanuni za Uingereza hutaka wazazi wote wawili wawe huko au waende pamoja. Mzazi akiwa peke yake, yapaswa aonyeshe kwamba mwenzake amefariki, au kwamba yeye ndiye mwenye dhamana yote ya malezi, au kwamba ipo sababu nzito ya kumtoa mtoto alipo. Dhamana hiyo haitazamwi kwa cheti peke yake. Katika kesi ya mwaka 2006 iliyomhusu mtu wa Yemen, mahakama ya uhamiaji ya huko ilisema kwamba la kuulizwa ni nani anayeyaongoza malezi na kuamua mambo makubwa ya mtoto, hata kama jamaa wengine ndio wanaomlisha na kumlaza. Na hapa kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 53, imewapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imelitilia mkazo. Basi sheria moja yasema wazazi ni wawili, na nyingine yauliza: thibitisha kwamba aliyelea ni mmoja.

Wakala mmoja wa safari alituonyesha njia ya mkato. “Mama, andika baba amefariki. Cheti cha kifo chapatikana.” Ningependa kuwaambieni, dada zangu, kwamba niliondoka kwa hasira. Sikuondoka. Nilimuuliza bei.

Usiku sikulala. Najua kwamba udanganyifu katika ombi la viza waweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10, lakini hilo silo lililonikosesha usingizi. Ilikuwa aya ya 135 ya Surat An-Nisaa, ambayo nimewasomesha watoto chuoni mara nyingi, inayotuamrisha kusimama na haki katika ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu. Asubuhi nikaenda kwa shekhe wetu. Alinisikiliza, akanikumbusha ambalo wanazuoni walio wengi wamelishika: mtoto wa aina hii nasaba yake ni kwa mama, hurithiana naye, wala hana dhambi yoyote. Tumetakiwa kusitiri aibu za watu, akasema. Kisha akaniuliza taratibu: huyu mume wa Qatar, nani alikutaka umzue?

Nilianza shuleni. Mwalimu mkuu, ambaye si Muislamu, alifuta mstari bila ya kuniuliza swali, akaniandikia barua upya. Laiti wote wangekuwa hivyo, katika ofisi moja karani aliuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima, “Kwani baba yake yuko wapi?”

Nikapanda matatu kwenda Embu. Nkubu, Chogoria, Chuka, kisha ule mteremko wa kona kona wa mto Thuchi, halafu Runyenjes. Kutoka Embu nikashuka hadi Kiritiri, kwenye joto. Wasomaji wa Mombasa mwaijua nchi ile kwa muguka, tangu ile marufuku ya Mei 2024 na kesi zake. Yule kijana ndiyo kazi yake, na mwaka ule ulimwendea vibaya. Sikuja kumhukumu kwa hilo, ingawa moyoni nilishahukumu.

Mama yake aliniketisha ndani. Alinipa maji kabla ya kuniuliza nimefuata nini.

Kijana alikubali upesi kuliko nilivyodhani. Siku ya pili, mbele ya wakili mjini Embu, aliapa kwamba yeye ndiye baba, kwamba tangu mtoto azaliwe hajawahi kuamua lolote juu yake, na kwamba hapingi safari. Yalikuwa ya kweli, na kuyasikia yakisomwa kulimwinamisha kichwa. Mama yake akaniuliza jambo moja tu: je, mtoto atajua kwamba yeye yupo?

Kiapo changu kiliniuma zaidi. Mtoto ameniita Mama tangu ajue kusema. Niliandika: mimi ni bibi yake, humlisha, humwogesha, humpeleka chuoni, lakini maamuzi si yangu. Tukaambatanisha taarifa za M-Pesa za karo, na ujumbe wa simu wa mwaka 2023 alipofanyiwa upasuaji wa mafindofindo, ambapo mama yake ndiye aliyezungumza na daktari na kutoa idhini. Na ule wa mimi kutaka apelekwe shule ya bweni, naye akakataa. Nilikuwa nimeufuta kwa hasira. Yeye aliuhifadhi.

Likabaki la mwisho. Baada ya Isha nikamketisha mtoto mkekani nikamwambia kwamba baba yake hayuko Qatar, hajapata kuwako, na kwamba bibi yake ndiye aliyesema uongo. Alinitazama.

“Kwa hivyo yuko wapi?”

“Kiritiri.”

“Ni mbali kuliko Qatar?”

Viza ilitoka. Mwezi wa Januari binti yangu alikuja kumchukua, nami nikamwomba tushuke Nairobi kwa njia ya Embu. Mama wa Kimbeere alikuwa stendi tangu alfajiri, na mfuko wa maembe ya kwao. Alimshika mtoto mikono yote miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akamsemesha Kimbeere, naye hakuelewa hata neno. Maembe, alisema binti yangu, hatutayabeba hadi Uingereza. Tuliyala yote garini kabla ya kufika Mwea.